Barua ya wazi kwa wasimamizi wa maonyesho ya magari ya kale: hao hawashangai gari

Kwa Mwenyekiti na wajumbe wa kamati inayosimamia maonyesho ya picha na magari ya kale

Waheshimiwa,

Baada ya salamu na heshima zangu kwenu, hii ni barua ya nne kuhusu maneno ya vibao vyenu. Ya kwanza niliileta kwa mkono wangu mwezi wa pili, ikapigwa muhuri wa kupokelewa nikapewa nakala. Ya pili niliitia posta. Ya tatu nilimkabidhi kijana wenu wa mapokezi, kijana mwenye adabu zake, akaisoma nusu kisha akaniuliza: "Mzee, kwani si picha tu hizi?" Sina ugomvi naye. Ila swali lake ndilo jibu pekee nililopata kwa miezi mitano, na ndilo lililonifanya nitoke hadharani. Sitataja jina la taasisi yenu wala la ukumbi mliotumia hapa Mombasa. Mnajijua.

Nianze kwa haki yenu. Maonyesho yamepangwa vizuri, taa za shaba zimesuguliwa mpaka mtu anajiona uso ndani yake, na wanafunzi mmewaachia waingie bure. Mimi mwenyewe nimeingia mara tatu. Mara ya kwanza nilifurahi, ya pili nikaanza kusoma vibao, ya tatu nikaja na daftari. Haya ndiyo niliyoandika.

1. Picha ya mlangoni

Picha hiyo mmeikuza mpaka imejaa ukuta. Katikati ipo motokaa, turubai lake limekunjwa nyuma, ndani wameketi Mzungu na mkewe. Kibao kinaeleza gari ni la aina gani, liliundwa mwaka gani, lina silinda ngapi, na jina kamili la mwenyewe. Kisha mstari wa mwisho unasema: "Wenyeji wakilishangaa gari."

Tafadhalini, isogeleeni picha yenu. Mimi niliisogelea mpaka mlinzi akanikoholea. Watu wanaolizunguka gari ni saba. Wa kwanza kushoto ana kata kichwani, kile kitambaa kilichoviringwa cha kuwekea mzigo, na kata haivaliwi kwa kwenda kutazama magari. Huyo ametua mzigo sasa hivi au anangoja kutwikwa. Wawili walio nyuma ya gari wana matope mpaka magotini, na mmoja bado ameegemeza kiganja kwenye mgongo wa gari, mkono umenyooka, bega liko mbele. Mtu aliyekuja kutazama hasimami hivyo. Husimama hivyo aliyetoka kusukuma. Wa nne ni muuza kahawa, dele mkono huu na vikombe mkono ule, na macho yake hayapo kwenye gari hata kidogo, yapo kwa mteja ambaye kamera haikumpata. Mwanamke wa leso anapita zake, uso kaugeuza. Wa sita anaitumbulia macho kamera. Anayelitazama gari kwa mshangao ni mmoja tu, naye ni mtoto wa miaka mitano sita hivi, kidole mdomoni.

Kwa hiyo katika watu saba, sita wana shughuli zao. Ninyi mkawakusanya wote kwa neno moja, "wenyeji", mkawapa kazi ya kushangaa.

Kosa hilohilo limo kwenye kibao cha Paul Graetz, ofisa wa Kijerumani aliyeondoka na gari lake Dar es Salaam Agosti 10, 1907 akafika Swakopmund, pwani ya Namibia ya leo, Mei 1, 1909. Mistari minane ya sifa. Nilipiga hesabu palepale: siku 630. Gari linalochukua siku 630 kukata bara halikuwa likienda kwa injini peke yake. Mito na matope ya njia nzima ile, nani alikuwa akivuta kamba? Kibao kimenyamaza.

2. "Kabla ya motokaa, barabara zilikuwa tupu na kimya"

Maneno haya mmeyaandika kwa herufi kubwa. Aliyeyaandika hajawahi kuuliza mtu yeyote wa pwani.

Barabara zetu hazikuwahi kuwa kimya. Muuza kahawa aligonganisha vikombe vyake, ukimsikia ukiwa ndani kabla hujamwona. Punda walikuwa na njia zao. Hamali walikuja na mikokoteni ya magunia, watu wanne watano, na wa mbele akipaza sauti: "Simile! Simile!" Wazee wetu wanasema ni bismillahi iliyolegezwa na ulimi. Maana yake ilikuwa nipishe, nimebeba. Mwenye mzigo anaomba njia, mpita njia anampa, wanaendelea. Hata aliyepanda punda alisema simile. Unguja, reli ya Bububu ilipoanza mwaka 1905, gari moshi lilipita katikati ya mji, karibu na milango ya watu, nalo likapigiwa kengele ili watu wapishe. Treni nzima, na bado iliomba njia!

Honi ndiyo iliyoacha kuomba. Hapo ndipo maisha ya barabarani yalipobadilika, kwa maoni yangu, kuliko kwenye suala la silinda. Mngeandika habari ya simile kwenye ukuta ule, mgeni angetoka ameelewa kitu. Mmemwandikia kwamba hapakuwa na kitu.

3. Reli za Mombasa

Hili ndilo lililoniuma zaidi, na mtanisamehe nikilieleza kwa urefu.

Kwenye ukuta wenu wa pili mmechora mshale wa historia ya usafiri. Unaanzia kwa mpagazi, unafika kwa punda, halafu unaruka hadi kwenye motokaa. Mombasa haikuruka hivyo. Mwaka 1890 Kampuni ya Imperial British East Africa ilianza kutandaza reli nyembamba upande wa bara, ya upana wa futi 2, kwa ndoto ya kufika Ziwa Victoria. Ilikwenda maili chache, ikafa. Vyuma vyake vikaishia kutumika hapa kisiwani, na juu ya reli hizo, kati ya mji na Kilindini, yakapita magari madogo: jukwaa la mbao, magurudumu manne ya chuma, benchi, na turubai la kukinga jua. Hayakuwa na injini wala mnyama. Yalisukumwa na watu. Wakubwa wa serikali walikuwa na ya kwao binafsi, na wasukumaji wao wamevishwa sare. Hali hiyo iliendelea kwa miaka thelathini hivi, mpaka mapema miaka ya 1920, motokaa zilipozidi na reli zikang'olewa.

Neno lenyewe "gari", mnalolitumia kwenye kila kibao, lilikuja kutoka Uhindi, likazoeleka kwa vyombo vya kusukumwa na kukokotwa kabla ya petroli kufika. Motokaa ndiyo iliyokuja kuchukua jina la mwenzake.

Babu yangu mzaa baba alikuwa msukuma gari. Aliingia kazi hiyo akiwa kijana, reli zikiwa na miaka michache tu ya kuishi. Nilipokuwa na miaka minane alikuwa akinishika mkono tukitembea Kilindini Road, ambayo leo ni Moi Avenue. Tukishazipita Pembe za Ndovu, tukielekea bandarini, alikuwa akisimama na kupiga bakora chini. "Hapa mteremko unaanza. Hapa unaruka." Maana penye mlima walisukuma, penye tambarare wakakimbia, na penye mteremko walirukia nyuma ya gari, wakaning'inia, mguu mmoja juu na mwingine tayari kufanya breki. Alisema huo ndio uliokuwa mshahara wa kweli. Zile senti zilikuwa za bibi yako.

Reli ilikuwa moja, na magari mawili yakikutana uso kwa uso, moja lilinyanyuliwa likawekwa pembeni. Nilimuuliza babu lipi lilinyanyuliwa. Akacheka sana. "La mdogo, mwanangu. Walikuwa wakitazamana kwanza, wao waliokaa. Sisi tulikuwa tumeshajua zamani, tumeshainama." Na nyayo zake, mpaka anafariki, zilikuwa ngumu kama ngozi ya ngoma. Akikanyaga msumari, msumari ndio uliokuwa ukipinda. Hivyo ndivyo alivyotuambia, nasi tuliamini.

Reli zilipong'olewa akaenda kwenye malori, akawa taniboi. Ndugu zetu wa Tanzania husema utingo. Injini za siku hizo ziliwashwa kwa kuzungusha chuma cha mbele, wao wakikiita hendeli, na hendeli ilikuwa na tabia ya kurudi nyuma kwa ghafla ikavunja mkono. Babu alinifundisha kuishika miaka mingi baada ya sanaa hiyo kukosa kazi: dole gumba lisizunguke chuma, lilale upande mmoja na vidole vingine, ili ikirudi iponyoke kiganjani bila kuondoka na kifundo. Mmeweka hendeli moja kwenye meza ya kioo. Kibao kinasema: "Chombo cha kuwashia injini." Cha nani? Mkono upi?

4. Ajali

Kwenye chumba cha mwisho mmeandika kwamba ajali zilikuwa nyingi "kwa sababu wakazi hawakuwa wamezoea magari." Wakazi tena. Naomba tutoke kidogo Mombasa, kwa sababu lawama hii haikuzaliwa hapa.

Uingereza, sheria ya mwaka 1865 ilitaka mtu atembee kwa miguu mbele ya chombo cha injini, yadi 60, ameshika bendera nyekundu, na mwendo usizidi maili 4 kwa saa nje ya miji na maili 2 ndani ya miji. Kwa maneno mengine, walimweka mtu wa kusema simile. Agosti 17, 1896, mwanamke aitwaye Bridget Driscoll aligongwa na motokaa huko Crystal Palace, London, akawa mtembea kwa miguu wa kwanza kuuawa na gari la petroli nchini mwao. Wazee wa baraza wakasema ni bahati mbaya. Miezi mitatu baadaye, Novemba mwaka huohuo, kikomo cha mwendo kikapandishwa hadi maili 14.

Marekani, watu walipoona watoto wao wanakufa mbele ya milango yao, hawakusema hatujazoea. Mwaka 1923, mjini Cincinnati, watu zaidi ya 42,000 walitia sahihi wakidai kila gari lifungwe kidhibiti, lisiweze kuzidi maili 25 kwa saa. Wauza magari walipambana na hoja hiyo, na ilipopigiwa kura ikaanguka. Sisi Kenya tuliambiwa spidi gavana ni jambo jipya, mwaka 2004, na sheria za John Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi. Basi kuna waliolidai miaka 81 kabla ya matatu zetu. Na miaka hiyohiyo ya 1920 ndipo lilipovumishwa huko Marekani neno la kejeli la kumwita mvuka barabara mshamba asiyejua kutembea mjini. Lawama ikahamishwa kutoka kwa aliyekanyaga mafuta ikawekwa kwa aliyekanyaga ardhi. Kibao chenu kimeirithi bila kujua, nami naamini kweli hamkujua.

5. Debe

Hili ni dogo, nalipitia haraka. Debe mlilolitia kutu makusudi na kuliweka kwenye kona kama pambo ndilo lililoleta petroli na mafuta ya taa, mawili ndani ya sanduku la mbao. Petroli ikiisha, gari lilisimama, debe likaendelea na safari: likachota maji, likapima mahindi, likanyooshwa likaezekea nyumba. Mpaka leo mahindi yanauzwa kwa debe na mnunuzi hajui anamtaja mpanda motokaa. Kibao kimoja, mistari miwili, ingetosha.

Najua mtakayoniambia, kwa hiyo nijibu mapema.

Mtasema majina ya watu hao hayajulikani. Kweli. Lakini wapagazi wengi wa vita vya 1914 hawakuandikwa popote, na bado Dar es Salaam ina Kariakoo na Nairobi ina Kariokor, majina yaliyotokana na "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi hao. Jina la mtu likipotea, kazi yake ilitajwa. Andikeni "hamali", "wasukumaji wa gari", "muuza kahawa". Haihitaji utafiti, inahitaji kuangalia. Na kabla ya kusema hayajulikani, mngewauliza wazee wa Mji wa Kale. Kuanzia Ndia Kuu mpaka Kibokoni, hakuna mtu aliyekuja kubisha hodi.

Mtasema kibao hakina nafasi. Kilikuwa na nafasi ya silinda nne.

Mtasema wageni wanakuja kuona magari. Siku yangu ya tatu niliingia pamoja na darasa la wanafunzi. Mwalimu alikuwa akisoma habari za injini, na msichana mmoja akanivuta shati, akanionyesha yule mwenye kata: "Babu, huyu mbona ana kitambaa kichwani, anaumwa?" Nikamweleza kata ni nini. Wenzake wakakusanyika. Injini ikabaki na mwalimu peke yake.

Na mtasema fedha hakuna. Vibao vinavyohitaji kubadilishwa ni vinne, na cha debe ni cha kuongeza. Gharama ya kuvichapa nitailipa mimi kwa pensheni yangu, na risiti sitaiomba.

Ninachoomba, basi, kabla maonyesho hayajahamia mji mwingine: maneno "Wenyeji wakilishangaa gari" yaondolewe, na watu saba wale waelezwe kwa wanachokifanya. Kibao cha barabara tupu kibanduliwe. Mshale wa historia uongezwe kituo kimoja, reli za kusukumwa za Mombasa, kati ya punda na motokaa. Sentensi ya ajali iandikwe upya na mtu aliyesoma. Na nipewe jibu kwa maandishi, hata likiwa la kukataa. Nikikataliwa nitajua pa kuanzia.

Jambo la mwisho. Hendeli ya lori la mwisho alilofanyia kazi babu tunayo nyumbani. Imepinda kidogo shingoni, na penye mshiko chuma kimelika kikawa laini, upande mmoja tu, ule wa vidole. Kwa sasa tunazuilia mlango wa uani usiku. Nipo tayari kuileta iwekwe mezani kwenu badala ya ile isiyo na mwenyewe, na kibao chake nitakiandika mimi. Simu yangu imo kwenye barua tatu mlizo nazo.

Wenu mwenye heshima,

Mjukuu wa msukuma gari,
Mji wa Kale, Mombasa